Karatasi za Mama Kwari

"Mmesikia mambo ya Mama Kwari?" Namalwa aliuliza pale bombani, na kabla mtu hajasema amesikia au hajasikia, alifunga maji yasije yakamzidi sauti. "Ameleta kamuti ndani ya ploti. Nimeona na haya macho yangu. Amebandika karatasi kwa ndoo, amebandika kwa mlango, amebandika kwa kitanda. Jana amebandika kwa nyanya. Nyanya moja, mama zangu! Halafu akaishika hivi, akaiangalia usoni, akaiongelesha."

"Ikamjibu?" mwanamke mmoja akauliza.

"Sikungoja."

Wanawake, wapangaji wa ploti ile, waliguna. Kitengela nzima ilijua kamuti, ule uchawi wa Kikamba, ni nini, hata wale ambao hawajawahi kukanyaga Ukambani. Watu husema ukiiba kuku wa Mkamba aliyelindwa kwa kamuti utaanza kuwika, ingawa hakuna aliyewahi kumwona mtu huyo akiwika. Huwa ni binamu wa rafiki ya mtu, na huwa amehama.

Wa tatu kwenye foleni alikuwa Dinah, mke wa Kakuta, akiwa na beseni la nepi kiunoni na mtoto wake Saruni mgongoni. Dinah alikuwa mtu wa kusikia kwanza, kwenda nyumbani, kufua, kuanika, na wakati nepi zinakauka ndipo anapojua amewaza nini. Lakini siku hiyo hata kabla ya kuanika alijua jambo moja, kwamba yale maneno hayakumkaa vizuri. Mikono ile iliyobandika karatasi kwenye nyanya ndiyo iliyomshika Saruni siku alipozaliwa.

Mama Kwari jina lake hasa ni Mukonyo. Alikuja Kitengela mwaka wa tisini na moja pamoja na mumewe, Mwanzia, fundi wa kuchonga mawe, na wakati mume anachonga, yeye aliinjika sufuria pembeni ya kwari, lile shimo la mawe, akawa anapikia wachongaji muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, na maharagwe. Mwanzia alikufa kwa homa ule mwaka wa mvua ya El Nino. Mukonyo alirudi kazini wiki iliyofuata, kwa sababu wanaume sitini hawawezi kula rambirambi. Mtoto hakujaliwa. Basi ukimuuliza mtu yeyote pale, Mukonyo ni nani, atakuambia, "Ni yule aliyefiwa." Halafu atainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayepita mbele ya kanisa, hata kama wakati huohuo Mukonyo mwenyewe yuko ng'ambo ya barabara anacheka mpaka mbwa wanaamka.

Alikuwa mpana, mwenye sauti ya kuitia watu walio chini ya shimo, na alikuwa na kanuni moja ambayo kwari yote iliijua. Siku moja kijana wa mkokoteni alileta maji, akasema, "Mama, haya yamechemshwa tayari, weka tu kwa vikombe." Wanaume walikuwa wamekauka koo kwa vumbi. Mukonyo aliyatazama yale maji, akayamimina yote kwenye sufuria, akawasha moto upya. Walimpigia kelele, mmoja akamwita mchawi wa kiu. "Sijaona yakichemka," alisema. "Ukiwa umeona wewe, kunywa wewe." Wakangoja wote, wamenuna kama ng'ombe kwenye josho.

Saruni alipozaliwa Kakuta alikuwa huko Namanga akinunua mbuzi wa kuuza Kisaju. Mukonyo aliacha sufuria zake siku tatu nzima, jambo ambalo hakulifanya hata kwa ugonjwa wake mwenyewe. Alimkorogea Dinah uji wa wimbi, akamwogesha mtoto, kichwa cha mtoto mkononi mwake kama kabichi anayoipima, akasema, "Huyu ni mzito upande wa akili."

Kwa hiyo jioni ile Dinah hakwenda kuamini wala kukataa. Alikwenda kuangalia.

Aliyoambiwa yote yalikuwa kweli. Ndoo ilikuwa na karatasi. Kitanda kilikuwa na karatasi. Mezani palikuwa na viazi vitatu vilivyomenywa, kila kimoja na chake, na nyanya ilikuwepo, imevaa karatasi kama kofia. Mukonyo alikuwa amekaa kwenye kigoda, kalamu sikioni, bakuli la gundi ya unga wa ngano mapajani.

"Ingia, mwiitu," alisema. Alimwita hivyo tangu siku ya uji, kwa Kikamba, kama mtu anavyomwita binti yake. "Ni nini? Wamekutuma uangalie kama niko na pembe?"

"Hapana, mama. Nimekuja tu."

"Umekuja tu. Basi kaa tu. Lakini si hapo, hapo ni shuka zilizopigwa pasi."

Dinah akakaa kwenye mtungi wa plastiki, na Mukonyo akamweleza. Daktari alikuwa amesikiliza kifua chake, akasema kimejaa vumbi la mawe, na kwamba akiendelea miaka miwili pale kwari, hatamwambia tena arudi kliniki maana hatakuwa na haja. Halafu mtu akamwambia kuna mama mmoja Mjerumani nje ya mji wa Kajiado, mkunga mstaafu, ana nyumba ya wageni wazee wanaokuja kutazama ndege. Anatafuta mpishi. Mukonyo alikuwa ameenda huko mara tatu, kila Ijumaa, na mama yule alipenda mkono wake. Ila kulikuwa na neno.

"Yule mama aliwahi kulazwa kwa taifodi mwezi mzima. Tangu siku hiyo nyumbani kwake hakuna kitu kinakaa bila karatasi. Na wale wazee wake wanaingia wenyewe jikoni, wanasoma, kama hakuna karatasi hawali, na lugha yao ni Kijerumani tu. Kwa hivyo mpishi lazima ajue kuandika. Ijumaa hii ndiyo ya mwisho. Ataweka vitu kumi na sita mezani. Nikiandika vizuri, kazi na chumba ni changu. Nikishindwa, narudi kwa shimo."

Akampa karatasi moja ndefu, mwandiko wa mzungu, umelala upande kama nyasi baada ya mvua. Dinah aliisoma polepole. Alikuwa amemaliza darasa la nane kule Kisaju, akawa wa nne shuleni, halafu mambo yakaishia hapo kwa sababu wadogo zake walikuwa watano. Maneno hayakufanana na lolote alilolijua. *Abgekochtes Wasser.* *Gewaschene Tomaten.* *Geschälte Kartoffeln.*

"Hii ni kusema nini, maji?"

"Si maji tu! Maji wanaona wenyewe kuwa ni maji. Hii inasema maji yaliyochemshwa. Hii, nyanya zilizooshwa. Hii, viazi vilivyomenywa. Mwiitu, hao watu hawaulizi kitu ni nini. Wanauliza kimefanywa nini." Mukonyo alikuna shingo kwa kalamu. "Na hilo neno la kufanywa liko na mkia. Mara linaubeba juu kama mbuzi, mara linauteremsha kama kondoo. Kwa maji mkia huu, kwa viazi mkia ule. Sijui ni kwa nini. Mimi sikuja kuuliza kwa nini, nimekuja kushika kichwani."

Dinah alicheka, na mtoto mgongoni akacheka kwa kutikiswa.

Tangu siku hiyo alikuwa akipita hapo kila alipoanika nguo, maana kamba ilikuwa mbele ya dirisha la Mukonyo, na kila alipopita alisoma moja. Hakumwambia mtu. Aliona haya, kama mtu mzima aliyekamatwa akiruka kamba. Lakini neno likimwingia alitaka kuliandika, na nyumbani kwake hapakuwa na daftari. Kitabu pekee chenye kurasa tupu kilikuwa kadi ya kliniki ya Saruni. Akaandika humo, nyuma, kwa herufi ndogondogo.

Lile jambo lilimtokea puani Jumanne, siku ya kupima uzito. Muuguzi alifungua kadi, akafungua tena, akavaa miwani.

"Mama Saruni, hii chanjo mtoto alipewa wapi?"

"Ipi, sista?"

"Hii. *Gesch*... Geshali. Geshali katofeli."

"Hiyo si chanjo," Dinah alisema akitazama viatu vyake. "Hiyo ni viazi."

Muuguzi alimtazama. Kisha akamtazama mtoto, ambaye alikuwa mnene na mwenye furaha. Akaandika kilo zake, akasema, "Endelea na hivyo viazi."

Wakati huo ploti ilikuwa imegawanyika, na kilichoigawa ni mifugo. Gundi ya Mukonyo ilikuwa ya unga, na kitu cha unga hakikai salama penye kuku na mbuzi. Kuku wa Namalwa alikula karatasi ya mlangoni na tangu siku hiyo hakutaga. Upande mwingine, mbuzi wa mwenye ploti alikula *gebügelte Wäsche* yote, ile karatasi ya nguo zilizopigwa pasi, akalamba na kamba yenyewe, na asubuhi yake akazaa mapacha. Mwenye ploti alikuwa bibi mmoja wa Kimaasai aitwaye Nalotuesha, ambaye kila mtu alimwita Koko, yaani bibi kwa lugha ya kwao. Koko alikwenda mwenyewe mlangoni kwa Mukonyo.

"Takwenya," Mukonyo alimwamkia kwa Kimaasai, maana miaka kumi na miwili Kitengela ilikuwa imemfundisha hayo.

"Iko," Koko aliitikia. "Ile karatasi mbuzi alikula. Iko ingine? Niko na ng'ombe moja nyekundu, mwaka wa pili hashiki mimba."

"Koko, hiyo si dawa. Hiyo ni ya nguo."

"Sawa. Leta hiyo ya nguo."

Lakini Namalwa yeye hakulala. Chumba chake na cha Mukonyo vilitengwa na bati moja tu, na kila alfajiri alisikia mnong'ono, maneno yaleyale, polepole kisha haraka, kisha kicheko. Alikuwa mwanamke mwenye hofu ya kweli na moyo wa kweli, na alipoogopa hakuogopa peke yake. Jumatano asubuhi, Mukonyo akiwa amekwenda sokoni, Namalwa alikuja na akina mama watano wa maombi na mtungi wa maji yaliyoombewa. Mlango wa Mukonyo haukufungwa kwa kufuli, kwa kuwa hakuwahi kuwa na kitu cha kuibiwa. Waliingia wakiimba. Walibandua ndoo, walibandua kitanda, walivua nyanya kofia yake. Wakatoa na ile karatasi ndefu ya mwandiko wa kulala. Wakatia vyote kwenye jiko, wakawasha.

Dinah alikuwa kwenye kamba ya nguo, hatua kumi kutoka hapo. Alifungua mdomo. Akamwona Namalwa akichochea moto, akasikia mwingine akisema, "Na yeyote anayeshirikiana naye, Bwana amfichue," akahisi kadi ya kliniki ndani ya leso yake ikiwa nzito kama jiwe la kwari. Akafunga mdomo. Akaanika nepi ileile mara tatu.

Mukonyo alirudi saa sita na kabichi mbili. Aliona jiko, akaona majivu, na kwenye majivu kipande kidogo ambacho hakikuungua kilichosema *gewa*. Aliketi mlangoni, kabichi moja kila upande, kama mtu aliyekaa kati ya wajomba zake.

"Hiyo ndefu," alisema mwishowe, "ndiyo ilikuwa na zote kumi na sita. Nimeshika tisa tu. Na hizo tisa, mikia yake bado inanichanganya. Leo ni Jumatano."

Koko alikuja, akakalia sufuria iliyopinduliwa, akaagiza vibuyu vyake vitatu vya maziwa viletwe. Akaviweka chini mbele ya wote.

"Namalwa. Hii iko na shanga bluu. Ni nini ndani?"

"Sijui, Koko. Ni kibuyu."

"Mimi najua, bila kufungua. Bluu ni ile imeoshwa na kufukizwa na kijinga cha mti wa oloirien, iko tayari. Nyekundu ni maziwa imeganda. Hii haina shanga, hii haijaoshwa, ukikunywa utakimbia choo mpaka jioni. Mama yangu aliweka shanga, na mimi naweka. Mimi ni mchawi?"

"Lakini hiyo ni shanga, Koko. Haiongei usiku."

"Yeye hana shanga. Yeye iko na karatasi. Sasa umechoma shanga ya mtu."

Namalwa alitazama vibuyu, akatazama jiko. Uso wake ulianza kufanya kazi ya kuelewa, na haikuwa kazi rahisi.

"Mukonyo," akasema kwa sauti ndogo, "ni ya kazi?"

"Ni ya kazi."

"Si ungesema?"

"Uliniuliza mimi? Uliuliza bomba."

Hapo Dinah alisogea. Alihisi miguu ikienda kabla hajaiagiza. Alitoa kadi ya kliniki kwenye leso, akaifungua nyuma, akaiweka juu ya kabichi ya kushoto.

"Ziko hapa," alisema. "Kumi na sita. Nilikuwa nazisoma nikianika. Na asubuhi nilikuwa pale, mama. Niliona wakichoma na sikusema. Niliogopa wataniita mwenzako."

Mukonyo aliitazama kadi, akamtazama Dinah, akaipapasa ile kadi kwa kidole kinene. "Umeziandika na mikia yote?"

"Nilinakili tu vile zilikuwa."

"Na sasa unaogopa nini?"

"Sasa naogopa wewe."

"Vizuri," Mukonyo alisema. "Angalau kuna mtu."

Basi Alhamisi mchana, wakati watu wengine wanapumzisha migongo, darasa liliwekwa mlangoni kwa Mukonyo. Dinah alisoma, Mukonyo akarudia. Tatizo likaonekana mara moja. Dinah aliyajua maneno kwa macho, hakuyajua kwa mdomo, maana hajawahi kumsikia mzungu yule. Na Mukonyo alisema kule hapana kuandika tu, ukimaliza lazima umsomee mama kwa sauti, na asipoelewa anatikisa kichwa.

"*Gehakte*..." Dinah alijaribu ile ya vitunguu vilivyokatwakatwa. "*Gehachite* tswi... tswibe..."

"Hapana," Mukonyo alisema, "haikuwa hivyo. Ilikuwa... ngoja. Imetoka."

"*Gehackte Zwiebeln*," ilisema sauti kutoka nyuma ya bati.

Wote wawili wakaligeukia bati.

"Rudia," Mukonyo aliambia bati.

"*Gehackte Zwiebeln*," bati lilisema, safi kabisa. "Na ile ya jibini iliyokunwa ni *geriebener Käse*. Na hamjasema ya maji, mmeiruka."

Namalwa akatokea mlangoni, ameshika mwiko, amekunja uso kama mtu aliyefumaniwa akila nyama siku ya kufunga.

"Wiki tatu," alisema kwa uchungu. "Kila alfajiri, wiki tatu, kwa hilo sikio la kulia. Mlidhani nitayakemea vipi? Pepo hukemewa kwa jina lake. Nimeyakemea yote, moja moja, kwa jina. Nayajua kuliko watoto wangu."

Mukonyo alianza kucheka. Kicheko kilianzia tumboni, kikapita kwenye kifua kile kibovu, akakohoa, akacheka tena, machozi yakamtoka. Dinah akacheka. Namalwa alijaribu kusimama na heshima yake, ikamshinda, akaketi chini na mwiko wake.

Baada ya hapo mambo yalikwenda. Dinah alishika kadi, yeye ni macho. Namalwa alishika mwiko, yeye ni masikio, na alipochukua ile kazi hakuichukua nusunusu. "Mimi sasa ndiye mzungu," alitangaza, akaweka nyanya mezani. "Hii ni nini?"

"*Gewaschene Tomaten*."

"Umeziosha?"

"Si wewe umezileta?"

"Mimi sijaziosha. Umenidanganya, mama. Nitapata taifodi. Rudi kwari."

"Namalwa, huyo mzungu si mkali hivyo."

"Huyu ni mkali. Osha."

Kufika saa kumi na mbili Mukonyo alikuwa na zote kumi na sita, na ploti ilikuwa na nyanya safi kuliko wakati wowote tangu ijengwe. Koko alipita akauliza kama wamekumbuka ile ya ng'ombe.

Ijumaa ilikuwa ndefu. Dinah alifua nguo ambazo hazikuwa chafu. Namalwa alifunga asile, halafu saa saba akasema Mungu ameshasikia, akala. Jua likiwa bado juu ya barabara ya Namanga walimwona Mukonyo akija kwa miguu kutoka stendi, kikapu mkononi, na uso wake haukusema lolote. Alifika bombani. Akafungua maji, akanywa kwa kiganja, akafunga.

"Sema basi!" Namalwa alilia. "Utatuua!"

"Zilikuwa kumi na sita," Mukonyo alisema. "Niliandika kumi na tano. Nilisoma kumi na tano. Mama akatingisha kichwa vile vizuri, juu na chini. Kwa jibini akasema, mama, nani amekufundisha hii? Nikasema, jirani yangu wa maombi."

Namalwa alishika kifua.

"Na ya kumi na sita?" Dinah aliuliza.

"Ya kumi na sita ilikuwa jagi la maji. Imewekwa tu pale, mwisho wa meza. Maji safi, yanang'aa. Akasema, andika. Nikatazama jiko, jiko ni baridi. Nikauliza, nani amechemsha? Akasema, wewe andika tu, unalijua neno. Na nilikuwa nalijua, ndilo la kwanza kabisa. Kalamu ikafika kwa karatasi." Mukonyo alitazama bomba. "Ikakataa. Sijaona yakichemka. Wale wazee wataamini mkono wangu."

"Mukonyo!" Namalwa alisema. "Haki ya nani! Si ungeandika tu! Kitu kimoja!"

"Niliandika. Niliandika SIJUI. Kiswahili. Nikabandika kwa jagi."

Saruni peke yake alipiga makofi mgongoni kwa mama yake.

"Akasoma. Hajui Kiswahili kingi, lakini hilo analijua. Akakaa kwa kiti. Nikasema moyoni, kwisha, narudi kwa shimo. Kumbe analia, au anacheka, wazungu sijui, uso wote unakuwa mwekundu. Akasema, wapishi wanne wamekuja hapa mbele yako, wote wamefika kwa hilo jagi, na wote wameandika yamechemshwa." Mukonyo alivuta pumzi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu. "Naanza Jumatatu."

Namalwa alipiga kigelegele kilichofika kwari. Koko alitoka ndani, akaambiwa, akatema mate kidogo kwenye kiganja cha Mukonyo kumbariki, kama wanavyobariki wakubwa wa kwao, kisha akakumbusha habari ya ng'ombe mwekundu. Mukonyo aliahidi kumtumia karatasi ya kwanza kutoka Kajiado.

Watu walipotawanyika Dinah alimfuata chumbani kumsaidia kufungasha. Hapakuwa na mengi. Sufuria mbili, shuka, picha ya Mwanzia amesimama juu ya jiwe, amefumba jicho moja kwa jua. Mukonyo aliitazama ile picha, akaifuta kwa leso, akaiweka katikati ya shuka ili isigongwe.

"Mama Saruni," alisema. Dinah akainua kichwa, kwa sababu hakuzoea kuitwa hivyo na yeye. "Niko na ombi."

"Sema, mama."

"Hiyo kadi ya mtoto. Iko na ukurasa mmoja tupu umebaki?"

"Uko mmoja."

"Ukate. Yule mama amenionyesha chumba changu. Milango yote ya pale iko na karatasi, wangu hauna. Akasema, utaandika mwenyewe. Lakini mimi siwezi kujiandika." Alikaa kitandani, na kitanda kikalia. "Niandikie wewe. Ya mtu, si ya viazi. Kiswahili tu, mikia waachie wenyewe. Uandike mimi nimefanywa nini, wewe umeniona na unaangalia vizuri kuliko unavyoongea. Lakini usiandike aliyefiwa. Hiyo nimebandikwa miaka sita na kila mtu wa Kitengela, na hakuna hata mbuzi mmoja amekubali kuila."

Dinah alitafuta kalamu. Ilikuwa sikioni kwa Mukonyo. Mukonyo akaichomoa, akampa.

"Usiharakishe," Mukonyo alisema. "Niko hapa mpaka Jumatatu. Ila andika herufi kubwa, mwiitu. Wale wazee macho yamechoka, na nataka waisome kabla hawajabisha hodi."